Walinzi wa Sabato, na Mwenye Kujua Akanyamaza

Katika darasa yetu ya Alkhamisi usiku, kijana mmoja alitoa mfukoni kijitabu alichopewa njiani karibu na kivuko cha Likoni, akakiweka mbele ya mwalimu. Kijitabu kilikuwa cha Wasabato. Kilieleza kwamba siku ya ibada aliyoichagua Mungu tangu kuumbwa kwa Adamu ni Jumamosi, kwamba Jumapili imezushwa na Kanisa la Rumi, na kwamba zitakuja zama ambapo mwenye kuing'ang'ania Jumapili atatiwa chapa ya mnyama. Hayo hayakuwa mageni kwetu. Lililotufanya tukae kitako ni suali la yule kijana. Alisema: "Mwalimu, watu hawa hawali nguruwe, hawanywi ulevi, hawavuti tumbako, na siku yao huianza magharibi kama sisi. Je, si karibu na sisi kuliko Wakristo wengine? Na ikiwa wamethubutu kuwaambia wenzao kuwa wamepotoka, si bora kuliko mwenye kujua akanyamaza?"

Mwalimu alimjibu kwa ufupi, kwani usiku ulikuwa umekwenda, kisha akatutaka tuliandike jambo hili kwa urefu kidogo. Nasi twaandika, na twamwomba msomaji atuvumilie mpaka mwisho, kwa sababu suali la pili la kijana huyu ni zito kuliko la kwanza, na halikuwahusu Wasabato peke yao.

Kwanza yatakikana insafu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Maida kwamba chuki ya watu isitupeleke kwenye kuacha uadilifu. Basi hatusemi kuwa watu hawa ni waongo wala wabaya. Wengi wao twawajua kwa uaminifu wao katika kazi, na wana skuli na hospitali zinazotibu kila mtu bila kumuuliza dini yake. Nchi hii walifika mwaka 1906, pale Gendia, kandokando ya ziwa kuu la Nyanza, walipokuja Arthur Carscallen na mwenziwe Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland. Na huko Upare wenzao wa Kijerumani walikuwa wametangulia mwaka 1903. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliwapa haki katika kesi ya wanafunzi wao waliokuwa wakilazimishwa kuhudhuria masomo siku ya Jumamosi. Siku ile ilitupasa Waislamu tufurahi pamoja nao. Kwani leo ni mtoto wao na Sabato yake, kesho ni mtoto wetu na sala yake ya Ijumaa. Khitilafu yetu nao si juu ya haki yao ya kuishika siku waitakayo. Khitilafu ni juu ya madai yao kwamba siku hiyo ndiyo alama ya kumpambanua aliyeokoka na aliyeangamia.

Tena, sisi hatuikanushi Sabato kwa asili yake. Kurani imeitaja mara nyingi. Wana wa Israili walipewa, na waliahidi kuihifadhi. Lakini Sura ya Nahl yabainisha kwamba iliwekwa juu ya wale waliokhitilafiana kwayo, nayo haikuwekwa juu ya viumbe wote tangu Adamu. Na Sura ya Qaf yaiondoa ile fikra kwamba Mungu alipumzika siku ya saba, kwani yasema kuwa hakuguswa na uchovu wowote alipoziumba mbingu na ardhi. Ama Ijumaa yetu, wengi hata miongoni mwetu hudhani kuwa ni Sabato ya Waislamu. Sivyo. Sura ya Jumua yaamrisha biashara iachwe inapoadhiniwa, na sala ikisha watu watawanyike wakatafute riziki. Mwenye duka Ndia Kuu hufunga mlango wake, akasali, kisha akarudi akafungua, wala hana dhambi. Na lugha yetu yenyewe ina mzaha wake hapa: siku wanayoiita ya saba, Mswahili huiita Mosi.

Kiko kisa kimoja katika Sura ya Aaraf ambacho mtu wa pwani hukifahamu upesi kuliko mtu wa bara. Ni kisa cha mji uliokuwa ukingoni mwa bahari. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na kwa mtihani wa Mola wao, samaki walikuwa wakija wazi wazi siku hiyo hiyo, na siku nyengine hawaji. Wafasiri wameeleza hila waliyoifanya: walitega nyavu na kuchimba vidimbwi Ijumaa, samaki wakaingia Jumamosi, nao wakawatoa Jumapili. Mvuvi wetu mwenye uzio au dema hahitaji kufahamishwa. Mtego huvua wenyewe na mwenye mtego amelala. Kwa dhahiri ya sheria hakuna aliyenyosha mkono siku ya Sabato. Na hao ndio waliolaaniwa! Lakini msomaji aangalie kwamba kisa hicho kina makundi matatu: walioasi, walioonya, na wale waliowauliza waonyaji, mwawaonyea nini watu ambao Mungu atawaangamiza? Kundi hilo la tatu tutalirudia.

Sasa tuje kwenye asili ya mafundisho ya kijitabu. Sisi tumefunzwa kwamba khabari ya dini haipokewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye kaipata kwa nani. Tukiwauliza Wasabato isnadi yao, silsila tunayoipata haifiki kwa Adamu, wala haifiki kwa Nabii Isa (A.S.). Yafika katika mashamba ya kaskazini ya Marekani, karne moja na miaka themanini iliyopita.

Alikuwako mkulima jina lake William Miller, aliyezaliwa 1782, mtu aliyepigana vita vya mwaka 1812 kisha akarudi katika dini baada ya kuwa mbali nayo. Alikisoma kitabu cha Danieli kwa miaka, akafika penye siku elfu mbili na mia tatu, akasema kila siku ni mwaka, akaanza kuhesabu kutoka mwaka 457 kabla ya kuzaliwa Isa. Hesabu ikamtoa kwamba Masihi atarejea kiasi cha mwaka 1843 au 1844. Alianza kuhubiri, na watu wakamfuata kwa makumi ya maelfu. Muda alioutaja ukapita. Ndipo mwenziwe mmoja, Samuel Snow, akaipatiliza hesabu mpaka siku yenyewe: tarehe 22 Oktoba 1844. Wako waliofunga maduka yao. Wako walioacha viazi ardhini bila kuvivuna, kwani nani atakula viazi kesho? Walikesha usiku kucha wakingojea, na jua likatoka kama litokavyo kila siku.

Muislamu anayejua kwamba elimu ya Saa iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na Jibrili alijibu kuwa mwenye kuulizwa hajui kuliko mwenye kuuliza, atasema makosa yalikuwa katika hatua ya kwanza. Ni kweli. Lakini la kuzingatia zaidi ni waliyoyafanya watu baada ya kosa kudhihiri. Miller mwenyewe, mwaka 1845, aliandika akakiri kwamba amekosea katika wakati. Mtu mzima, mwenye jina, mbele ya watu aliowahubiri, alisema nimekosa. Akafa mwaka 1849 hali hajaifuata ile tafsiri mpya wala Sabato. Sisi twamhisabu kuwa ndiye mwenye murua kuliko wote katika habari hii, na ajabu ni kuwa waliomrithi hawakumrithi katika hilo.

Maana asubuhi ya pili yake, mkulima mwengine, Hiram Edson, alikuwa akikatiza shamba la mahindi, ikamjia fikra kwamba tarehe ilikuwa sahihi, ila tukio ndilo lililofahamiwa vibaya: siku ile Masihi hakutakiwa kushuka ardhini, bali aliingia chumba cha pili cha hekalu lililo mbinguni. Rafiki yake Crosier akaifafanua kwa maandishi, na baadaye Crosier huyo huyo akaikana. Ewe msomaji, tazama jinsi taawili inavyofanya kazi. Kosa lililoonekana kwa macho limehamishwa likapelekwa mahali pasipoweza kuonekana. Aliyesema kuwa meli itaingia bandarini Jumatatu, na Jumatatu tukasimama gatini tusione kitu, huyo tumemjua. Lakini akisema kuwa meli iliingia kweli, ila katika bandari isiyofikwa na mtu, utamjibu nini?

Na Sabato je? Hiyo ilikuja kwa mlango mwengine. Mwanamke jina lake Rachel Oakes, wa Wabaptisti wa Siku ya Saba, alifika katika kijiji cha Washington huko New Hampshire, akaliambia kundi dogo la wafuasi wa Miller kuwa hawaitimizi amri ya nne. Wabaptisti hao asili yao ni Uingereza, mjini London, karne ya kumi na saba, zama ambazo kila mwenye kuweza kusoma Taurati alijitolea hukumu yake. Kutoka kijiji hicho fikra ikamfikia Thomas Preble, aliyeiandikia mwaka 1845. Maandishi ya Preble yakasomwa na Joseph Bates, nahodha mstaafu. Bates akatoa kijitabu mwaka 1846. Na kijitabu cha Bates wakakisoma James White na mkewe kijana, Ellen. Bibi huyu alikuwa akipata ruiya tangu miaka yake kumi na saba. Mwanzo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuuona umuhimu wa Sabato. Alipokwisha kuikubali kwa kusoma kijitabu, ndipo mwaka 1847 akaona katika ruiya mbao za amri kumi mbinguni, na amri ya nne ikizungukwa na nuru kuliko nyenziwe.

Hii ndiyo isnadi. Ruiya imekuja baada ya kijitabu. Mwenye akili na ajiulize lipi limezaa jenzake.

Tunalo dogo la kuongeza hapa, kwa sababu kijana wetu alivutiwa na siku yao kuanza magharibi. Haikuwa hivyo mwanzoni. Bates, kwa ubaharia wake, alisema kwamba jua katika istiwai huchwa saa kumi na mbili, basi Sabato ianze saa kumi na mbili jioni kila mahali. Huku kwetu Mombasa hukumu hiyo isingemdhuru mtu, lakini katika kaskazini ya Marekani wakati wa joto, saa kumi na mbili jua lingali juu. Wakaishika hivyo kiasi cha miaka tisa. Mwaka 1855 mwanachuoni wao, J. N. Andrews, akachungua maandiko, akabainisha kuwa siku huingia kwa kuchwa jua, nao wakageuza. Kugeuza huko si aibu. Mwenye kuifuata dalili ameongoka. Lakini ikiwa saa ya Sabato ndiyo mpaka baina ya watiifu na waasi, na ile nuru ya mbinguni ilikuwa ikiwaangazia, mbona haikuwaonyesha jua?

Ama khabari ya Jumapili, katika sehemu yake moja wana haki. Nabii Isa alikuwa Mwana wa Israili, akiishika Sabato, na hakuna kauli yake ya kuihamisha. Mkristo akiulizwa na Msabato ni nani aliyekupa ruhusa, hukwama, na sisi tunapenda kumwona akikwama. Lakini dawa yao si sahihi. Mfalme Konstantino alitoa sheria ya mapumziko ya Jumapili mwaka 321, hilo lajulikana. Hata hivyo Justin, aliyeandika mjini Rumi kiasi cha mwaka 150, tayari anaeleza jinsi Wakristo wanavyokutana Jumapili. Na mtu wao wenyewe, Samuele Bacchiocchi, Msabato aliyesoma katika chuo cha Wakatoliki huko Rumi, alichapisha utafiti wake mwaka 1977 akasema kuwa mageuzi hayo yalianza katika karne ya pili. Huko nyuma, kwa tuonavyo sisi, hapakuwa na Papa wa kuweza kuwageuzia watu siku mashariki na magharibi. Wahabeshi nao, ambao hupenda kutajwa kuwa ni mashahidi wa Sabato, wameziheshimu siku zote mbili, Jumamosi na Jumapili. Basi ushahidi wao hauwafai.

Twaja sasa katika lile lililotukesha. Mwaka 1919, miaka minne baada ya kufa Ellen White, wakubwa wa Wasabato pamoja na walimu wa vyuo vyao walikutana karibu na mji mkuu wa Marekani. Raisi wao alikuwa A. G. Daniells, aliyefanya kazi na bibi huyo kwa miaka mingi. Mlango ukiwa umefungwa, waliulizana maswali ambayo mtu wa kawaida katika kanisa lao hakuthubutu kuyauliza: Je, maandishi ya bibi huyu hayana makosa? Tufanye nini na tarikhi aliyoinakili kutoka vitabu vya watu wengine, na imedhihiri kuwa na kasoro? Tuwafunze nini wanafunzi? Wako waliotaka watu waambiwe ukweli taratibu. Wako waliosema kuwa watu watatikisika, kwamba imani yao imejengwa juu ya jambo hili, na ukilitoa jiwe ukuta utaanguka. Mwisho wake hawakuwaambia watu kitu. Maneno yote yalikuwa yameandikwa na makarani, yakawekwa, yakasahauliwa. Yalipatikana mwaka 1974, na yalipochapishwa mwaka 1979, waliokuwa vijana mwaka 1919 walikuwa wazee au wamekwisha kuzikwa.

Miaka sitini. Katika miaka hiyo ni wahubiri wangapi waliotumwa, na huku Afrika pia, wakafundisha kwa yakini jambo ambalo wakubwa wao walikuwa na shaka nalo? Wala hatudhani kuwa watu wale wa 1919 walikuwa wanafiki. Tukiyatia maneno yao katika mizani, ni maneno ya watu wema wenye huruma. Walimhurumia mama mzee aliyeko kijijini ambaye kitabu cha bibi yule ndicho kimliwazacho. Na hapo ndipo lilipo tatizo la kweli. Kuficha haki kwa ajili ya tumbo, kila mtu hujua kuwa ni haramu. Kuficha haki kwa ajili ya huruma, hilo laonekana kama ibada. Lakini Mwenyezi Mungu alipowalaani katika Sura ya Bakara wenye kuficha aliyoyateremsha, hakuwavua wenye nia njema, ila waliotubu, wakatengeneza, na wakabainisha. Sharti la tatu msomaji alishike: wakabainisha. Kutubu kimoyomoyo hakukutosha.

Tena ile huruma ina kiburi ndani yake. Mwenye kusema "watu hawa hawawezi kuubeba ukweli" amejifanya yeye ndiye awezaye. Amewagawa waja wa Mungu mafungu mawili, fungu la kujua na fungu la kuongozwa. Na mama yule wa kijijini hakuulizwa.

Matunda yake yakaja. Desmond Ford, mwalimu wao kutoka Australia, alisema hadharani mwaka 1979 kwamba fundisho la 1844 halina msingi katika maandiko. Mwaka 1980 aliitwa mbele ya zaidi ya watu mia moja huko Colorado, na baada yake akanyang'anywa uchungaji. Mwaka 1982 mchungaji wao mwengine, Walter Rea, akachapisha kitabu akiweka maandishi ya Ellen White ubavuni mwa vitabu alivyovinakili. Waliotikisika wakatikisika mara mbili: mara kwa kosa, na mara kwa kujua kuwa wakubwa walikuwa na khabari.

Sasa tulinganishe na watu wengine wa mti huo huo. Katika mabaki ya wafuasi wa Miller walikuwako walioishika Sabato lakini wakazikataa ruiya za Ellen White. Kutoka kwao akatokea Herbert Armstrong, mtu wa kazi ya matangazo ya biashara, aliyezaliwa 1892. Alianza kuhubiri kwa redio mwaka 1934, na gazeti lake likagawiwa bure kwa mamilioni. Huyo alipita mpaka. Wafuasi wake walishika Sabato na sikukuu za Mayahudi, wakatoa zaka ya kumi mara mbili, na katika baadhi ya miaka mara ya tatu. Walikatazwa Krismasi na siku ya kuzaliwa. Walifunzwa kwamba Waingereza na Wamarekani ndio makabila ya Israili yaliyopotea (fundisho ambalo, kwa bahati ya ajabu, lilizuka zama Uingereza ilipokuwa ikitawala dunia). Mwaka 1956 alitoa kijitabu chenye kuutaja mwaka 1975. Huo nao ukapita.

Armstrong akafa 1986, akamwachia kazi Joseph Tkach. Tkach na wenziwe walianza kuyapima mafundisho moja baada ya moja. Na siku ya Sabato, tarehe 24 Desemba 1994, mjini Atlanta, alisimama akawaambia watu wake kwamba Sabato, sikukuu na sheria za vyakula si faradhi juu yao, na kwamba wamekuwa wakifunza makosa. Msomaji na alitie akilini jambo hilo. Walikuwamo watu waliopoteza kazi zao kwa kukataa kufanya kazi Jumamosi. Walikuwamo waliotoa zaka tatu hali watoto wao hawana viatu. Na leo waambiwa haikuwa lazima. Katika miaka michache karibu nusu ya watu wakatoka, wengi wao wakaunda makanisa mapya ili wabaki na Sabato yao. Mali ikaporomoka, chuo chao kikafungwa mwaka 1997. Tkach akafa mwaka 1995, na mwanawe aliyemrithi akaandika mwaka 1996 kuwaomba radhi hadharani wote walioumizwa na mafundisho yale.

Mahali walikofikia, yaani katika itikadi ya Utatu, sisi hatukubaliani nao hata kidogo, na twawaombea waendelee na safari. Lakini walivyotoka walikotoka, hilo twalihusudu. Walipoteza watu, mali na majumba, hawakujenga bandari isiyofikwa na mtu ili waihifadhi tarehe yao.

Tulipofika hapa tukadhani kuwa jawabu imekamilika. Tulimsomea mwalimu yaliyoandikwa Alkhamisi iliyofuata. Akasikiliza, kisha akauliza: "Na ule waraka wa Sheikh Ahmad?"

Nani katika miji yetu asiyeujua waraka huo? Wasema kwamba Sheikh Ahmad, mtunza kaburi la Mtume huko Madina, ameota ndoto. Kwamba Kiyama kimekaribia. Kwamba atakayeunakili na kuugawa atapata kheri, na atakayeupuuza atafikwa na msiba. Umekuwa ukizunguka katika nchi za Kiislamu kwa zaidi ya karne. Mwaka 1908 waraka wa namna hiyo ulienea Lindi na pwani ya Tanganyika, mpaka serikali ya Kijerumani ikaingia hofu. Ulikuja kwa wino, ukaja kwa mashine ya chapa, ukaja kwa fotokopi, na leo waja kwa simu. Una ruiya, una Saa iliyokaribia, una vitisho. Hauna isnadi. Kwa mizani tuliyowapimia Wasabato, una tofauti gani na kijitabu cha Likoni?

Na wajuao je? Masheikh wetu hawakosi kujua kwamba dini imekamilika, na kwamba ndoto ya mtu haiongezi faradhi wala haipunguzi. Lakini ni mara ngapi tumesikia: "Uacheni, wawaleta watu msikitini"? Au: "Ni wanawake na wazee, msiwatie shaka"? Haya ni maneno ya 1919 kwa Kiswahili. Na ni maneno ya kundi la tatu katika ule mji wa wavuvi, walioona hakuna haja ya kuonya. Mwenyezi Mungu ametaja kuwa aliwaokoa waonyaji na akawashika madhalimu. Ama wale walionyamaza, Kurani nayo imewanyamazia, na wanazuoni wamekhitilafiana juu ya mwisho wao mpaka leo.

Pakawa kimya. Ndipo mzee mmoja katika sisi, mtu aliyemaliza kazi yake zamani na ambaye hukaa karibu na mlango, akasema kwamba alipokuwa kijana aliunakili waraka ule kwa mkono wake mara ishirini na moja, akaugawa. Baadaye alisoma, akajua kuwa hauna asili. Hakumwambia hata mmoja katika aliowapa. Aliona haya, na kila mwaka uliopita uliiongeza haya yake. Akaanza kuwataja watu wale kwa majina yao, akihesabu kwa vidole. Na katika kila watatu, wawili alisema "marehemu".

Kijana akamuuliza waliobaki ni wangapi. Akajibu kuwa ni saba, mmoja yuko Kuze, naye ni mgonjwa. Alisema atakwenda kwake Ijumaa baada ya sala, na kijana akasema atamsindikiza.